Mawe ya Kalokol, nyota za Kalobeyei na swali la mwanafunzi wangu

Aliyezoea kulala Mombasa au Malindi ya leo hajui tena usiku ulivyo mweusi. Taa za barabara, za hoteli, za maduka yasiyofungwa, zote zimetuibia mbingu, na wala hatukuona zikiibwa. Kalobeyei bado ipo. Ukitoka Lodwar ukashika barabara ya kwenda Kakuma, kama kilomita 120 hivi za mchanga, miiba na mito mikavu, halafu ukasonga mbele kidogo, wafika kwenye makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na Waturkana wenyeji waishi na kusoma pamoja. Mwezi ukiwa haupo, ukanda mweupe wa nyota hukata anga kutoka upande mmoja hadi wa pili, na Kilimia huonekana wazi kiasi kwamba mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au saba bila taabu.

Nilikwenda huko kufundisha fizikia kwa muda. Darasani mwangu walikuwamo Waturkana, Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Waethiopia na Warundi. Kiswahili chetu kilikuwa cha kila rangi, nami Mswahili wa pwani mara nyingine ndiye niliyesahihishwa.

Jioni moja tulikuwa nje, nikawaambia kwamba mwanga wa Kilimia wanaouona umesafiri kama miaka 440 kabla ya kuingia machoni mwao. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Jua twaliona kama lilivyokuwa dakika 8 zilizopita. Sirius, nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku, twaiona ya miaka 8 na miezi kadhaa iliyopita. Kilimia je? Mwanga ule ulianza safari Wareno wakiwa hawajaweka hata jiwe la kwanza la Fort Jesus, maana ngome ile ilianza kujengwa mwaka 1593.

Kijana mmoja wa Kirundi akainua mkono. Alikuwa si msemaji sana. Akauliza: "Mwalimu, mwajuaje? Na vitabu hivi si hubadilishwa kila mara? Karatasi yangu yasema nilizaliwa tarehe 1 Januari. Mama asema haikuwa Januari. Kila mtu aandika lake. Lipi la kweli?"

Wenzake wakacheka, kwa sababu wengi wao nao wamezaliwa tarehe 1 Januari. Mtu akivuka mpaka bila cheti, na siku haijulikani, karani huandika mwaka na kuuwekea siku ya kwanza. Sisi wa pwani twaelewa uchungu wa karatasi; wangapi kwetu wamezaliwa hapa, wakazikia wazee wao hapa, na bado wakaulizwa kitambulisho cha babu? Kwa hiyo sikucheka. Nilimwambia nitamjibu, lakini si usiku ule.

Jibu la nusu ya kwanza ya swali ni rahisi, nalo kila msomaji anaweza kulijaribu sasa hivi. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho la kulia kisha la kushoto. Kidole huruka mbele ya ukuta. Kisogeze karibu na uso, kitaruka zaidi. Kwa kuruka kule, ukijua nafasi kati ya macho yako mawili, waweza kupiga hesabu ya umbali wa kidole. Wanaastronomia hufanya hivyohivyo, ila "macho" yao mawili ni dunia ikiwa Januari na dunia ikiwa Julai, pande mbili za jua, zilizoachana kilomita milioni 300. Nyota ya karibu huruka kidogo mbele ya zile za mbali. Kuruka kwenyewe ni kudogo mno, na hapo ndipo makosa huingia. Katika miaka ya 1990 setilaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos ilipima Kilimia na kutoa takriban miaka 390 ya mwanga. Wengine walisema la, ni zaidi ya 430. Walibishana kwa miaka, mpaka mwaka 2014 vipimo vya redio vilipotoa kama 440, na setilaiti iliyofuata, Gaia, ikaafiki.

Kijana alikuwa na haki, basi. Vitabu hubadilishwa. Swali ni kama hubadilishwa kama vile karani abadilishavyo tarehe, au kwa namna nyingine.

Mfano bora ninaoujua hauko Ulaya. Uko Turkana kwenyewe, pembeni mwa barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, ambako nilisimama siku nilipokwenda kuliona ziwa. Hapo pana mawe meusi ya volkano yaliyosimamishwa wima, yameinamiana kama watu waliokatizwa mazungumzo. Waturkana huyaita Namoratunga, watu wa mawe. Husimuliwa kwamba walikuwa wachezaji ngoma, wakamcheka pepo, naye akawageuza mawe. Wapitao huokota kijiwe na kukiweka juu ya nguzo.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za hapo zimepangwa kuelekea nyota na makundi ya nyota saba, yakiwemo Kilimia na Sirius, kama zilivyokuwa zikichomoza kiasi cha miaka 300 kabla ya Kristo. Nyota hizo hasa ndizo Waborana wanazotumia katika kalenda yao. Hao huhesabu mwaka wa siku 354 kwa kuangalia mwezi umekaribiana na nyota gani. Msomaji wa pwani atalitambua hesabu hilo mara moja: 354 ndizo siku za mwaka wetu wa Kiislamu pia, kwa sababu mwezi ni ule ule. Habari ile ilisambaa. Afrika ilikuwa na wanafalaki wa kale, na ushahidi ulikuwa umesimama wima kando ya barabara.

Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Robert Soper, akaenda kupima tena. Akagundua jambo ambalo laweza kumfanya mwalimu wa fizikia acheke peke yake: mawe yenyewe yana sumaku. Lava iliyopoa hubeba chembe za madini ya chuma, na chembe hizo huvuta sindano ya dira. Waliopima kwa dira walikuwa wakipima pamoja kaskazi ya dunia na ukaidi wa mawe. Nami nilikuwa na dira ndogo ya shule mfukoni. Niliisogeza taratibu kuelekea nguzo moja, na sindano ikaanza kusita, ikageuka, ikasita tena. Kitu nilichokuwa nikitaka kukipima kilikuwa kikikiharibu kipimo changu.

Mawe yakapimwa upya. Waliofanya hivyo, akiwemo mwanaastronomia Laurance Doyle, waliona kwamba mipangilio ya kuelekea nyota ilibadilika lakini bado haikuonekana kuwa ya bahati nasibu. Haikuishia hapo. Uchimbaji wa karne hii umeonyesha kwamba nguzo za namna hii kandokando ya Ziwa Turkana ni za kale zaidi, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, zilizojengwa na wafugaji wa mwanzo wa eneo hilo. Mwaka 2018 kundi la Elisabeth Hildebrand lilichapisha matokeo ya Lothagam Kaskazini, mahali pengine pa nguzo karibu na ziwa: chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi walizikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume, watoto na wazee, wengi wakiwa na mapambo yao, bila dalili ya kaburi la mfalme.

Hebu fikiria maana yake kwa zile nyota. Dunia huyumba kama pia inayokaribia kuchoka, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000, na kwa ajili hiyo mahali nyota zinapochomozea husogea polepole. Anga ya miaka 300 kabla ya Kristo si anga ya miaka 2,000 kabla ya hapo. Ikiwa nguzo zilisimamishwa zamani hivyo, basi mishale iliyochorwa kuelekea Sirius ya mwaka 300 yaelekea mahali ambapo Sirius haikuwapo wajenzi walipokuwa hai. Mimi mwenyewe nadhani hoja ya kalenda imedhoofika sana, ingawa ningefurahi kuambiwa nimekosea. Na wajenzi hawakuhitaji kalenda ili wastahili heshima. Watu waliobeba nguzo za mawe ili wafu wao wote walale pamoja wametosha.

Nawasikia baadhi yenu: kwa hiyo walikosea mara tatu, na bado watutaka tuwaamini? Ngojeni. Kwanza niwachukue ng'ambo ya pili ya ziwa, Koobi Fora, ambako kosa lilikuwa la fizikia kabisa, fani yangu mwenyewe.

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa wachimbaji Wakenya wa kundi la Richard Leakey, aliokota vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kwa namba yake, 1470. Lilikuwa chini ya tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS, na majivu hayo yalikuwa yameshapimwa: miaka milioni 2.6. Kwa hiyo fuvu lenye ubongo mkubwa vile lingekuwa la kale mno, na ukoo wa binadamu ungepaswa kuandikwa upya.

Saa iliyotumika ni potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo katika mawe hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni; nusu yake humalizika kila baada ya miaka bilioni 1.25, bila kujali joto, mvua wala siasa. Lava ikiwa bado ya moto, argoni hutoroka. Ikipoa, hunaswa. Basi saa huanza kwenye sifuri siku jiwe linapoganda, na kiasi cha argoni kilichonaswa chakuambia miaka mingapi imepita. Ni saa nzuri sana, kwa sharti kwamba kila punje uliyoipima ilizaliwa siku ile ile.

Hapo ndipo palipoharibika. Majivu ya KBS yalikuwa yamesombwa na maji na kuchanganyika na punje za mawe ya zamani zaidi. Ni kama mtu aingie Mji wa Kale, akute nyumba ya juzi iliyotiwa mlango wa kuchonga ulioletwa kutoka nyumba iliyobomoka, asome mwaka uliochongwa kizingitini, kisha atangaze kwamba nyumba nzima ni ya mwaka huo. Mlango haudanganyi. Nyumba haidanganyi. Aliyekosea ni yule aliyedhani vimezaliwa pamoja.

Aliyetia shaka mwanzoni hakuwa mwanafizikia bali mtaalamu wa nguruwe, na mniwie radhi kwa kumtaja mnyama huyo. Basil Cooke alilinganisha meno ya nguruwe wa kale wa Koobi Fora na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, akaona kwamba nguruwe waliotakiwa wawe wa miaka milioni 2.6 walifanana na wale wa Omo wa kama milioni 2. Wanafizikia hawakupenda kusahihishwa na meno. Mwaka 1975 maabara ya Berkeley ilitoa umri mdogo zaidi, chini ya milioni 2, na ugomvi ukawa mkali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ian McDougall wa Australia alipima punje zilizochaguliwa kwa uangalifu na kupata milioni 1.88. Namba hiyo imesimama mpaka leo, kwa vipimo vya maabara nyingine na kwa mbinu nyingine.

Sasa angalia tofauti na karatasi ya kijana wetu. Karani aliandika 1 Januari kwa sababu fomu ilitaka tarehe. Hakuna kitu katika dunia kilichomlazimisha aandike hiyo na si nyingine, wala hakuna kitu kitakachomrudia kumwambia umekosea. Waliopima KBS walirudiwa. Nguruwe waliwarudia. Punje ziliwarudia. Lynch na Robbins walirudiwa na sumaku ya mawe yale yale waliyoyapenda. Mimi naliita hilo uhalisia: kile kinachokukatalia hata ukiwa na cheo, hata ukiwa umeshachapisha. Na tena ona kwamba makosa hayatangitangi ovyo. Kilimia ilikuwa 390 ikawa 440. Hakuna atakayeamka kesho aseme ni 4,000. Kila kosa jipya ni dogo kuliko lile lililotangulia.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii, na hunisikitisha vijana wa Malindi wakiwa hawaijui. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini mbele ya Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe huzunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa na kuisukuma roketi bure. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani tu; hewa yetu huzizuia, kwa hiyo ni lazima upande juu. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kiliwafanya wanafizikia waanze kusema kwa uzito, si kwa makisio ya ubaoni, kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa miaka mingi shimo lile lilihesabiwa kuwa na uzito wa majua 15 hivi. Mwaka 2021 likapimwa tena, likawa mbali zaidi kidogo na lenye uzito wa majua 21. Hata lenyewe halikuachwa bila kusahihishwa.

Sitaki nionekane nawauzia sayansi kama dawa ya mnadani. Yako mengi hatuyajui. Vitu vyote tunavyoviona, nyota, mawe, bahari, ngamia, mimi na wewe, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Zilizobaki twazipa majina ya giza kwa sababu twajua uzito wake na kazi yake, si umbo lake. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, fizikia hainijibu, na mwenye kutaka jibu hilo ana milango mingine ya kubisha. Lakini yale ambayo sayansi inayaweza, inayaweza kweli. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita juu ya Luxor, Jedda na Makka, na jua litapatwa lote mchana. Mwenye kuamini na asiyeamini watakuwa gizani kwa dakika zile zile.

Nilirudi kwa kijana baada ya siku chache. Nikamwambia: siku uliyozaliwa ipo. Haikuwekwa na karani, na haiwezi kufutwa naye. Tusichonacho ni kumbukumbu yake, basi tuitafute kama watu wa KBS. Mama anakumbuka nini?

Mwaka, 2007, mama hakuubishia. Alisema ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Kijana mwenyewe akadakia: Januari kwetu Burundi ni mvua! Kiangazi ni Juni hadi Agosti. Kwa hiyo karatasi ilishaanguka bila kifaa chochote. Na kingine? Mama alikwenda zahanati usiku kwa miguu, na mwezi ulikuwa juu kabisa usiku wa manane, hawakuhitaji taa.

Hapo nilisisimka. Mwezi ukiwa juu kabisa usiku wa manane ni mwezi mpevu, haiwezekani kuwa mwingine, kwa sababu wakati huo jua liko chini ya miguu yetu na mwezi uko upande wa pili. Tukafungua hesabu za mwezi za mwaka 2007. Mwezi mpevu wa kiangazi kile uliangukia 1 Juni, 30 Juni, 30 Julai na 28 Agosti. Siku 365 zilikuwa zimebaki nne.

Akaenda nyumbani. Kesho yake akaja mapema kuliko wenzake. Mama alikuwa amekumbuka kwamba njiani palikuwa na harufu ya moshi, watu walikuwa wameanza kuchoma mashamba yao kabla ya kulima, na hilo halifanywi kiangazi kikiwa kichanga. Kijana akafuta mbili za Juni. Kwenye jalada la ndani la daftari lake la fizikia aliandika kwa kalamu nyekundu: nilizaliwa 30 Julai au 28 Agosti 2007, kutoa au kuongeza siku mbili.